Majina ya Bidhaa kwa Watu Walio Mbali

Mtu wa kwanza kuniita mzee anayeishi peke yake nilikuwa mimi mwenyewe, tena nililipwa mshahara kwa kufanya hivyo. Nilikuwa nimeketi katika ofisi iliyo juu ya duka la Mama Karimi pale Meru mjini, mke wangu yu hai, mgongo wangu haujaanza kunisumbua, nikaandika kwenye kompyuta: "Thamosi ya chuma, lita mbili, ya mzee anayeishi peke yake." Jina hilo liliuza thamosi mpaka stoo ikabaki maboksi matupu. Miaka ikapita, nikastaafu, nikarudi kwetu Kianjokoma, mke wangu akafariki, na asubuhi moja mwenye bodaboda akanikabidhi kifurushi kilichobandikwa karatasi yenye maneno hayo hayo. Aliyekituma ni binti yangu Wanja, ambaye yuko Marekani na hajakanyaga hapa tangu alipoondoka.

Nawaambia haya mapema ili mjue mnayeongea naye. Kendi, meneja wenu, ameniomba niwaandikie nyinyi vijana mlioajiriwa juzi kuandika majina ya bidhaa kwenye duka la mtandaoni. Aliniambia kwa simu, "Mzee Njeru, andika tu vile ulikuwa unatuongelesha. Usituandikie kama barua ya chifu." Nimekubali kwa sababu nina muda mwingi kuliko nilivyowahi kuutaka. Nina ng'ombe mmoja, kuku wachache, na nyumba ambayo nikiweka kikombe mezani nasikia mlio wake mpaka chumbani. Kwa hiyo nitaandika, nanyi mtanivumilia nikipotea njia.

Kabla ya mtandao nilikuwa mtu wa kaunta. Nilikata waya, nikapima misumari, nikauza dawa ya kupe. Na kaunta ya kwetu ina adabu zake. Mtu akiingia humwulizi anataka nini, hiyo ni kama kumfukuza. Mnasalimiana. Mnaulizana kuhusu mvua, kama imefika upande wake au imeishia kwa jirani. Anauliza watu wa nyumbani, unauliza ng'ombe wake aliyekuwa mgonjwa. Kisha, akiwa tayari amegeuka kama anayeondoka, anasema, "Ni vile nilikuwa napita, nikaona niulizie bawaba." Alikuwa amefunga safari kutoka Kibirichia kwa ajili ya hizo bawaba tu.

Mama Karimi alipofungua duka la mtandaoni alinipandisha juu, akasema kazi yangu sasa ni kuvipa vitu majina kwa sababu nilijua watu wanaviita vipi. Nikaketi, nikatafuta herufi moja moja, na jina langu la kwanza nikaliandika kwa moyo wote: "Habari za huko mpendwa mteja, twatumaini mvua imewafikia, hapa kwetu tunayo panga ya chuma kizuri yenye mpini wa mbao."

Kendi wakati huo alikuwa ametoka chuo kikuu, msichana mwembamba asiyejua kunyamaza. Alinijia na simu yake mkononi.

"Mzee, soma vile kastama anaona."

Nikasoma. Simu ilikuwa imekata maneno. Palikuwa na "Habari za huko mpendwa mteja, twatu," kisha nukta tatu, na chini yake picha kubwa ya panga.

"Unaona?" akasema. "Mtu anasalimiwa, halafu anaonyeshwa panga. Huyu ataita polisi."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye magunia. Mimi sikucheka. Nilimwuliza nitaanzaje kumwuzia mtu kitu bila kumsalimia, maana mama yangu hakunilea hivyo. Akajifuta macho, akanieleza kwa upole ambao sijausahau, kwamba mtu anayetafuta kitu kwenye simu amesimama shambani, mkono mmoja una matope, betri inaisha, na kumsaidia haraka ndiyo heshima yenyewe. Alikuwa na umri wa mwanangu, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Msione aibu kufundishwa na mdogo wenu, itawatokea haraka kuliko mnavyodhani.

Tangu siku hiyo niliisema salamu kwa mdomo, polepole, kisha nikaandika jina la kitu. Wafanyakazi wengine walidhani naomba dua kabla ya kila bidhaa, na kuna mmoja aliyeanza kuinamisha kichwa akinipita.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Kitu kitangulie, kwa jina ambalo mtu atalitaja akimtuma mtoto dukani. Kiwanda kinaweza kuandika kwenye boksi maneno marefu ya Kizungu kuhusu kinyunyizio cha kubeba mgongoni. Mkulima wa viazi wa Kibirichia anatafuta pampu ya dawa. Andika pampu ya dawa. Kisha sema imetengenezwa kwa nini, plastiki au shaba. Kisha ukubwa, maana mtu asiyeona ukubwa hupiga simu, na akipiga simu mara mbili bila kupokelewa huenda kwa duka lingine. Mwisho sema ni ya nani au ya kazi gani. Mambo ya bora, ya kisasa, orijino, ya ukweli, hayo waachieni wauzaji wa saa mitaani. Nilikuwa nayapenda sana maneno hayo. Kendi alikuwa akiyafuta mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine, akisema, "Hii inabebwa kwa nini? Hii inapimwa kwa nini?" Neno lisiloweza kubebwa wala kupimwa alilitoa.

Hilo la mwisho, la nani, sikufundishwa na Kendi. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Gachoka ambaye sijawahi kumwona. Tulikuwa na mitungi ya maji, nami nikawa nimeiandika "Mtungi imara wa plastiki, lita ishirini." Simu ikalia.

"Wewe ndio wa mitungi?" akauliza.

"Ni mimi, mzee. Habari za huko?"

"Ni jua tu. Hii mtungi umesema ni imara. Imara ya punda ama imara ya mtoto?"

Sikuelewa. Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Kwao maji hutoka mbali, punda huibeba mitungi miwili kila upande, na kamba hupita kwenye mkono wa mtungi. Mkono ukiwa mwembamba, kamba huukata katikati ya njia, na maji ya siku nzima yanamwagika vumbini punda akikuangalia. Mtoto naye hubeba mtungi mdogo mgongoni, kwa hiyo anataka mkono usiomchoma.

"Sasa nitajuaje?" akasema. "Wewe umeushika. Mimi nimeona picha tu."

Nilishuka stoo, nikafunga kamba kwenye mtungi, nikauning'iniza na maji yake juu ya ngazi mchana mzima huku watu wakinipita na kuuliza kama niko sawa. Mkono ulishika. Nikampigia, nikamwambia, kisha nikabadilisha jina: "Mtungi wa plastiki, lita ishirini, mkono mnene wa kufungwa kamba ya punda." Watu wa Mbeere, upande wa mzee huyo, wakaununua kwa fujo. Lakini mimi nilibaki na maneno yake. Wewe umeushika. Anayesoma hajaushika, yuko mbali, na kati yake na kitu kuna wewe peke yako. Ni kazi ya upweke kidogo, hii yenu. Kwenye kaunta nilikuwa naona uso. Juu kule nilikuwa naandikia watu usiku na mchana bila kujua kama yupo anayesikia.

Mtu wa kuwapigia wateja simu akiwa likizo, nilishika nafasi yake. Hapo ndipo nikagundua jambo. Ningempigia mama fulani wa milimani, nimwambie mzigo wake uko njiani, naye angesema, "Mzigo gani? Mimi sijaagiza kitu." Ningetazama tena na kuona aliyelipia yuko Nairobi, au Mombasa, au nchi nyingine kabisa. Kisha sauti ya mama ingebadilika. "Ni Mutuma huyo. Ni kijana wangu." Baadhi walinishikilia kwenye simu wakinisimulia habari za huyo Mutuma tangu alipozaliwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimewapigia, Mutuma hakupiga.

Basi nikajua anayesoma majina yangu ni nani. Ni mtoto aliye mbali, ameketi kwenye chumba fulani, anataka kumfanyia mzazi kitu, wala hajui afanye nini. Nikaanza kuandika nikimwambia yeye. "Gambuti za mpira, nyepesi, za mama anayekamua asubuhi na mapema." "Blanketi zito, futi tano kwa sita, la baridi ya Kibirichia." "Tochi ya kuchaji kwa jua, ya kwenda chooni mvua ikinyesha." Na ile thamosi. Kendi aliniambia mimi ni mchawi. Mama Karimi aliniongezea mshahara. Nilijisikia vizuri sana, nami sitawaficha, nilikuwa natembea pale Meru kama mwenye mji.

Hiyo thamosi ni ya lita mbili. Nawaomba mfikirie jambo hilo, kwa sababu mimi sikulifikiria. Mzee anayeishi peke yake atafanya nini na lita mbili za chai? Nimejaribu. Ukinywa vikombe vyako, thamosi bado ni nzito, na jioni unamwaga chai ambayo bado ina moto. Kuimwaga chai ya moto kunauma kwa namna ambayo siwezi kuwaeleza mpaka mfike huko.

Wanja aliondoka akiwa na umri kama wenu, akaenda kusoma, kisha akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba zao. Akapata mtoto huko, wa kiume, akampa jina langu. Sijamshika. Namjua kwa picha na kwa sauti, anasema "Guka", yaani babu, kama mtu anayetafuna kitu cha moto. Kila mwaka Wanja angesema anakuja Desemba. Desemba ingefika, na badala yake ungefika mzigo.

Mama yake alipofariki, nilijua sasa atakuja. Niliwaambia watu wa kanisa tusogeze mazishi tumsubiri. Tukasogeza. Hakuja. Alitutumia mahema, chakula cha watu wote, na maua ambayo Kianjokoma haijapata kuyaona, akatazama kwa simu iliyoshikwa na binamu yake. Binamu alichoka mkono, akaishusha. Nadhani wakati mama yake anateremshwa, Wanja alikuwa anaona viatu vya watu. Mimi nilikuwa na hasira, sikujali alikuwa anaona nini. Niliwasikia kina mama wakinong'ona nyuma yangu kwamba msichana wa Baba Wanja amekuwa mtu wa huko, nami sikuwakatalia.

Baada ya hapo vifurushi vikazidi. Huachwa kwenye duka la Mama Igoki pale sokoni ikiwa mwenye bodaboda hataki kupanda kilima changu. Mama Igoki ni jirani mwema, lakini ulimi wake haujui mlango.

"Baba Wanja, kuna kingine," angeniambia mbele ya watu. "Huyu msichana anakupenda. Lakini anakuja lini?"

"Atakuja."

"Si ulisema Desemba?"

"Desemba ziko nyingi."

Nilikuwa nabeba mzigo nyumbani na kuuweka chumbani bila kuufungua. Gambuti, tochi, blanketi. Vyote nilivijua majina kabla ya kukata gundi, kwa kuwa mengine niliyatunga mwenyewe. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu wote kutuma vitu, na wangu amejifunza kuliko wote. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo kwa muda mrefu, maana ukiishi peke yako hakuna wa kukukatiza.

Thamosi ilipofika niliifungua. Kesho yake asubuhi nikiwa nakamua, simu ikalia. Ni yeye. Kwao ilikuwa bado jana jioni.

"Baba, thamosi ilifika?"

"Ilifika."

"Iko sawa? Inashika joto?"

"Inashika."

"Unahitaji nini kingine? Niambie tu, Baba."

Swali hilo alikuwa akiniuliza kila mara, na kila mara nilikuwa nikijibu kwamba niko sawa, nashukuru, Mungu ni mwema, mvua imenyesha. Zile salamu zangu za kaunta. Asubuhi hiyo, sijui ni kwa sababu nilikuwa nimemwaga chai jana yake, nilifanya vile Kendi alivyonifundisha. Nikakitanguliza kitu.

"Wewe," nikasema. "Nakuhitaji wewe uje nyumbani, Wanja."

Nilisikia gari likipita kwao.

"Baba," akasema, "nikitoka huku sirudi."

"Usirudi basi."

"Na Njeru? Yeye ni mtoto wa huku, ako shule, ako na marafiki. Nimwachie nani?" Alikuwa anaongea polepole sana. "Karatasi zangu za kuishi huku ziliisha kitambo, Baba. Najificha tu. Wakati wa Mama nilikuwa nimepanga begi. Ilikuwa mlangoni. Wakili akaniambia nikipanda hiyo ndege nijue nimefunga mlango."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nini kanisani? Niliona heri waseme nina roho mbaya kuliko wajue, wewe uanze kukosa usingizi."

Nyinyi labda mlikuwa mmeshaelewa tangu nilipotaja mazishi. Mimi sikuelewa. Niliketi kwenye kigoda na ndoo katikati ya magoti, na ng'ombe akageuka kunitazama kwa sababu nilikuwa nimeacha kukamua. Nililia, tena kwa sauti, na Wanja akanisikia, naye akalia kule alikokuwa. Hatukuwa tumelia pamoja mama yake alipofariki.

Baadaye akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuwaandikia. Aliniambia akitoka kazini jioni hufungua lile duka letu kwenye simu. Hanunui. Anasoma majina tu, anashuka chini, chini, mpaka alale.

"Najua yako ni gani," akasema.

"Utajuaje? Hayana sahihi."

"Za wengine zinataja kitu tu, Baba. Zako zinajua ni nani atakishika. Nikisoma ni kama niko pale kaunta, nimekaa kwa magunia, unaongea na watu. Hiyo ya thamosi nilijua ni wewe uliandika. Nikaona kama umeniambia mimi, kwamba uko peke yako. Ndio nikaituma mara moja."

Sikumwambia kwamba nililiandika jina lile mama yake akiwa hai, nikiwa nimeshiba, nikiwawazia wazee wa watu wengine. Sioni sababu ya kumwambia.

Kwa hiyo, vijana wangu, mkiketi hapo juu ya duka na mtu akawaambia kwamba hii ni kazi ya kujaza nafasi, kwamba sasa kuna mashine inayoweza kuandika majina elfu kabla ya chai, msibishane naye. Huenda ni kweli. Nyinyi shukeni stoo mkashike kitu chenyewe. Kikiwa chepesi semeni ni chepesi, kikiwa na mkono mwembamba semeni. Msimdanganye mtu hata kuhusu kamba, kwa sababu hamjui yuko wapi anaposoma, wala amekaa muda gani bila kusikia mtu wa kwao akiongea.

Wanja hatakuja Desemba hii. Nimeacha kumwuliza, na watu wa sokoni nimewaambia wamwache mtoto wangu. Vifurushi vimepungua, maana nimemwambia sina mahali pa kuviweka. Siku hizi hupiga asubuhi nikimaliza kukamua, na mara nyingi hana habari wala mimi sina. Basi ananiomba nimtajie vitu vilivyomo nyumbani, kimoja kimoja, vile nilivyokuwa nikifanya kazini. Mimi natembea na simu na kumtajia. Sufuria ya bati, ya mdomo mpana, ya mama yako, imetoboka chini. Jembe la mpini mpya wa mkwaju. Wakati mwingine anacheka, wakati mwingine nasikia amelala, nami naendelea kidogo hata hivyo, maana na mimi naihitaji sauti yangu isikike humu ndani.

Jana aliniuliza kama kitanda chake bado kipo. Nikafungua kile chumba, nikahamisha maboksi yote yaliyokuwa juu yake, nikamwambia angoje. Kisha nikamsomea: "Kitanda cha mbao ya grevilea, futi tatu na nusu kwa sita, cha Wanja, kimetandikwa."